Nguo ya Kuogelea ya Safa

Waridi alikuwa mwoga wa maji na hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Ungemkuta katika kibanda chake cha ushonaji pale Majengo, mjini Nyeri, mguu ukikanyaga cherehani, na ukianzisha mazungumzo ya mto au bwawa angekwambia waziwazi kwamba yeye hata beseni la kufulia hulitazama kwa wasiwasi. Alipokuwa mdogo alimwona mtoto wa jirani akitolewa katika Mto Chania, mikono imening'inia, na tangu siku hiyo hakuvuka daraja bila kushikilia kitu. Watu walimcheka. Naye alicheka pamoja nao, maana mtu akishakuwa mwoga, ni heri awe mwoga mcheshi.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo akijaliwa binti mmoja, halafu binti mwenyewe, katika michezo yote iliyopo duniani, achague kuogelea.

Safa alionjeshwa maji na shule. Darasa lao lilipelekwa siku moja kwenye bwawa la hoteli iliyoko nje ya mji, watoto wakatumbukizwa, wengi wakatoka wakilia kwa baridi. Maji yenyewe yanatoka mlimani na hakuna aliyewahi kuyapasha moto. Safa hakulia. Aliganda midomo, akatetemeka, akaomba kurudi ndani. Mwalimu wa michezo, Kihara, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimtazama akijirusha rusha mle ndani, na jioni hiyo hiyo akaja hadi kibandani kumwomba mama yake amruhusu ajiunge na kundi la Jumamosi.

Waridi alikataa kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Aliyemgeuza ni mumewe. Ayub alikuwa na bucha ng'ambo ya barabara, mtu wa maneno machache, na alipoyatoa yalikuwa kama nyama aliyokwisha kuipima, hupunguzi hata kidogo.

"Mama Safa," alimwambia, "wewe unaogopa maji juu hujui kuogelea. Sasa unataka mtoto pia asijue?"

Waridi akakubali, lakini kwa masharti yake. La kwanza, mtoto haendi bwawani bila yeye. La pili, Safa atavaa nguo ya kumsitiri kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu, kama alivyolelewa. Nguo za namna hiyo hazikuuzwa Nyeri, na hata kama zingeuzwa, yeye si fundi? Akanunua kitambaa cheusi cha kunyumbuka, akashona suruali, mikono mirefu, kofia ya kufunika nywele na zipu mgongoni. Ilikuwa nguo pana ya heshima. Safa akiingia nayo majini inajaa maji kama gunia, na akitoka anaacha kijito nyuma yake.

Hivyo kila Jumamosi Waridi alikaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa bwawa, amejifunika sweta juu ya sweta, akiogopa. Hakuna neno jingine la kueleza alichokuwa akifanya pale. Wazazi wengine walipiga soga, wengine walifoka maagizo kwa watoto, ingawa wao wenyewe ukiwasukuma wangezama kama mawe. Waridi alitazama kichwa kimoja tu. Kikizama, anashika mikono ya kiti. Kikiibuka, anaachia. Mazoezi yakiisha vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kihara alikuwa na mtindo wake wa kufundisha, na ndio uliozaa habari hii yote. Aliamini kwamba mtoto wa Nyeri asiyeweza kusafiri kwenda kuwaona waogeleaji wakubwa anaweza kuwaona kwenye simu, mradi ajue anatazama nini. Kila wiki aliwatumia wazazi video ya mashindano ya dunia, fainali zenyewe, na pamoja nayo swali. Hakutaka kuambiwa nani alishinda. "Chagua mmoja tu," alikuwa akisema, "umwangalie huyo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukiangalia wote hujaangalia mtu." Wiki moja aliwaambia watazame kichwa cha mwogeleaji kinakaaje akichoka. Wiki nyingine watazame miguu tu. Mara moja aliwaambia wamtazame aliyeshika mkia, waone kama aliugusa ukuta kwa nguvu au alijiachia tu kwa kuwa wenzake wameshamaliza. Watoto walibishana kuhusu huyo wa mwisho kuliko walivyowahi kubishana kuhusu bingwa.

Safa alitazamia kibandani kwa mama yake, yeye na rafiki yake Wangechi, binti wa mwanamke aliyeuza mbegu za mboga za sukuma sokoni. Walikaa juu ya robota la vitambaa, vichwa vimegusana juu ya simu. Waridi aliendelea kushona huku jicho moja likiwa pale. Mashindano yenyewe hayakumpa raha. Alichoona yeye ni watoto wa wenyewe wakipotea kwenye povu, na mama zao wako wapi?

Lakini fundi ni fundi, na siku moja aliona jambo lililomfanya asimamishe cherehani. Video ya wiki hiyo ilianza kabla ya shindano, kwenye chumba cha nyuma, na humo msichana mmoja alikuwa akivalishwa nguo yake ya mbio. Watu wawili walimsaidia. Walivuta huku, wakasukuma kule, msichana amekunja uso, na nguo ikapanda mwilini pole pole kama vile haitaki.

"Hebu rudisha hapo," Waridi alisema.

Wakarudisha. Akasogea, akatazama tena.

"Kwani imembana hivyo ya nini?"

"Ndio maji isiingie ndani," alijibu Wangechi, aliyejua kila kitu. "Ikishika mwili hivyo unapita tu, hakuna kitu inakurudisha nyuma. Wote wa mbele wanavaa hivyo, Mama Safa."

Waridi akainua macho akaitazama nguo ya Safa iliyokuwa imeanikwa msumarini, mikono mipana, kiuno kipana. Miezi yote hii amekuwa akimpeleka mwanawe majini ndani ya gunia! Watu wengine wangefikiria medali. Yeye medali hakuzijali. Kwake yeye kasi ilikuwa na maana moja tu, kwamba mtoto atatoka majini mapema. Na nguo inayojaa maji ni nguo inayovuta chini. Woga ulimwambia hivyo, na woga ukishika usukani huwa hauulizi njia.

Mashindano ya Nanyuki yalikuwa yamekaribia. Waridi alimsimamisha Safa katikati ya kibanda, akamwambia atulie kabisa, ashushe pumzi, asijitanue, na akampima akiwa hivyo, kifua hakina hewa. Akafumua nguo yote. Akaipunguza mbavuni, mgongoni, mabegani.

Hapa inafaa mjue kwamba riziki ya mwanamke huyu ilikuwa sare za shule. Sketi ya Waridi ilivaliwa na dada, ikarithiwa na mdogo wake, ikaishia kwa binamu, na mshono haujaachia. Hiyo ndiyo sifa iliyomfanya ajulikane. Basi alipomaliza kuipunguza ile nguo, hakuridhika na mshono mmoja wa kuvutika. Akapitisha mwingine juu yake, wa kawaida, ulionyooka, na ndani akaweka utepe mgumu wa pamba wa kuushikilia usitanuke. Nguo za wale wakubwa hubana lakini hupumua pamoja na mwili, viwanda vimezisumbukia miaka mingi. Hilo video haikuonyesha. Ilionyesha uso uliokunjwa tu, na Waridi akachukua alichokiona.

Safa alipoijaribu, Wangechi ndiye aliyemshikia mgongo zipu ikipandishwa.

"Wee! Sasa umekuwa kama wale wa fainali," Wangechi alicheka.

"Iko sawa?" Waridi aliuliza.

"Iko sawa, Mama." Sauti ilikuwa ndogo. Waridi akadhani ni furaha.

Siku ya Nanyuki mlima ulikuwa wazi, theluji inaonekana, na upepo ulishuka moja kwa moja kutoka huko juu. Bwawa lilikuwa la shule moja ya kibinafsi nje ya mji. Wazazi walijaa wakiwa wamejifunika mablanketi. Kwenye chumba cha kubadilishia, Waridi aliivuta zipu kwa mikono miwili huku Wangechi akikutanisha kitambaa. Safa alimnong'oneza Wangechi kitu sikioni, ila kwa mama yake hakulalamika. Alikuwa amewaona wale wakubwa wakikunja uso, akajua ndivyo inavyokuwa.

Walipoitwa, Waridi alitafuta mahali pa kusimama akakosa pa kuridhika. Mbele aliogopa kuona, nyuma aliogopa asione. Akaishia kando ya uzio. Aliona Safa akipanda kwenye jukwaa la kuanzia, mweusi tii kwa nguo yake katikati ya wasichana waliovaa rangi zote. Aliomba dua aliyoizoea, ile ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata Ayub. Aliomba mwanawe achoke na mchezo huu, hata leo, hata sasa hivi, aseme basi Mama, twende nyumbani.

Filimbi ikalia na Safa akaruka.

Kwenda alienda vizuri, tena sana. Nguo haikujaa maji, na Kihara alikuwa akikimbia ukingoni akipiga makofi. Aligeuka ukutani akiwa miongoni mwa wa mbele. Lakini alipoanza kurudi mikono yake ilifupika. Kichwa, ambacho Kihara aliwafundisha kisitikisike, kikaanza kuinuka kila mkono ukizunguka, mdomo wazi, ukitafuta. Waridi hakujua kuogelea, lakini kichwa kile alikijua. Akashika uzio. Kichwa kikazama. Akangoja kiibuke. Hakikuibuka.

Yeye alipiga kelele, au labda ni mwingine aliyepiga. Aliona Kihara akijirusha na viatu vyake. Aliona maji yakifumuka, kisha mwili mweusi ukisukumwa juu, mikono ya watu ikivuta, na Safa akalazwa kwenye vigae.

Waridi hakumbuki alivyofika pale. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Midomo ya Safa ilikuwa na rangi ya majivu, macho wazi, na kooni kulikuwa na sauti nyembamba ya kuvuta, kuvuta tu, bila kitu kuingia. Watu waliinama juu yake, kila mtu daktari.

"Ni asthma hiyo."

"Mpeeni nafasi!"

"Ameshtuka ni baridi, ata wangu alishtuka hivyo."

Mwanamke wa huduma ya kwanza alikuwa akipambana na zipu. Zipu haikusogea. Waridi akapiga magoti akaweka kiganja kwenye ubavu wa mwanawe, akakuta pagumu kama mbao. Akajaribu kuingiza kidole chini ya mshono. Hakikuingia. Hapo akajua. Alijua papo hapo, bila kufikiri, na baridi iliyompata ilikuwa mbaya kuliko ya maji yoyote. Si asthma wala si maji. Mtoto alikuwa amefungwa, na aliyemfunga ni yeye.

Akatoa kimkasi chake cha kukatia nyuzi kutoka kwenye mkoba. Halafu, Mungu amsamehe, akasita. Kulikuwa na wanaume pale, na wavulana wa kaptura, na simu zimeinuliwa. Chini ya nguo ile Safa hakuwa na kitu cha maana. Huyu ndiye mtoto ambaye hajawahi kutoka nje bila kusitiriwa, na sharti hilo ni mama yake mwenyewe aliyeliweka. Safa akamtazama. Hakuweza kusema, akamtazama tu.

Waridi akakata. Kimkasi kikauma mshono wa kwanza, kikagonga utepe wa pamba, kikakwama. Mshono wake mwenyewe, ule wa kudumu, ulimkatalia. "Leteni mkasi!" alipiga kelele kwa sauti asiyoijua. "Mkasi mkubwa!" Mwanamke wa huduma ya kwanza akampa ule wa bandeji, na Waridi akaukandamiza kwa mikono miwili, akapasua nguo kutoka kwapani hadi nyongani. Kisha akavuta mtandio kichwani mwake, mbele ya wale wanaume wote, nywele zake zikabaki wazi kwenye upepo, akamfunika mwanawe kifua.

Hewa iliingia kwa Safa kwa mlio. Akakohoa, akavuta nyingine, na kifua kikapanda. Waridi alilala juu yake akalia kama mtoto.

Hospitalini walimsikiliza mapafu, wakampiga picha. Daktari alisema haoni kitu, lakini huenda ni baridi, huenda ni aina fulani ya asthma inayojificha. Asiingie majini mpaka wamchunguze vizuri zaidi. Kuhusu nguo hakuna aliyeuliza. Mtu akizirai watu humpasulia nguo, ndivyo wanavyojua. Hata Kihara, angali ameloa, alimshika Waridi mkono akamwambia, "Mama Safa, Mungu akubariki. Ulifikiria haraka kuliko sisi wote."

Na Waridi, badala ya kusema, akainamisha kichwa akapokea sifa.

Ayub alifika akiwa bado na koti lake jeupe la bucha. Alimkumbatia Safa, kisha akamgeukia Kihara.

"Ulimsukuma huyu mtoto mpaka akafika hapa."

"Baba Safa, mimi..."

"Nasema hivi. Mtu alifanyia mtoto wangu hii kitu, mimi sitawahi kumsamehe. Sitawahi."

Kihara hakujitetea. Alisimama pale maji yakimdondoka viatuni, akaomba msamaha. Safa alikuwa kitandani akisikia yote. Waridi naye alikuwa akisikia.

Jioni hiyo alimwogesha Safa nyumbani kama alivyomwogesha alipokuwa mdogo. Mbavuni, pande zote mbili, palikuwa na mistari myekundu, na ndani ya mistari ungeweza kuziona alama za utepe. Safa naye alizitazama. Mama akamwagia maji ya moto.

Niwaambie ukweli kuhusu siku zilizofuata, ingawa si mzuri kuusikia. Waridi alilala vizuri. Jumamosi ikaja na hakuna aliyekwenda bwawani. Alikaa kibandani akanywa chai yake ikiwa moto, akasikia mabega yakishuka mahali ambapo hayakuwahi kushuka tangu mtoto aanze mchezo huu. Alichokuwa akikiomba kimya kimya alikuwa amekipata, na alichotakiwa kukitoa ni kunyamaza tu. Nguo iliyopasuliwa aliisokomeza kwenye gunia la vitambaa chakavu. Kila alipojiambia kwamba atasema, aliuona uso wa Ayub hospitalini, na kila alipouona uso huo aliogopa, na akiogopa anajiambia, si afadhali hivi? Mtoto yuko hai, na hayuko majini.

Ila mtoto mwenyewe alianza kutembea kama mgonjwa. Akipanda ngazi anasimama katikati, mkono kifuani, anajisikiliza. Shuleni alikataa kukimbia. Waridi aliona, na akageuza macho.

Ndipo ikaja adhuhuri moja ambapo Waridi alikwenda kuswali msikitini akiwa amewaachia kibanda Safa na Wangechi. Aliporudi aliwasikia kabla hajafunua pazia la mlangoni. Walikuwa wakitazama video. Kihara, ingawa wazazi sasa walinong'ona juu yake, hakuwa ameacha kuzituma.

"Kocha amesema tuangalie kabla ya filimbi," Wangechi alikuwa akisema. "Cheki huyu. Umeona? Anavuta pumzi mpaka mabega inapanda. Anaachilia. Anavuta tena."

"Nimeona."

"Wewe pale Nanyuki hukuvuta hivyo." Wangechi alishusha sauti. "Mimi nilikuwa nakuangalia wewe peke yako, vile Kocha hutuambia. Mabega yako haikupanda ata mara moja. Safa, si ilikuwa hiyo nguo? Mimi ndio nilikushikia mgongo. Ilikuwa imekukaza mpaka ngozi."

Waridi alishika nguzo ya mlango.

"Zii," Safa alikataa. "Nguo haikuwa na shida."

"Lakini kule ndani uliniambia imekushika."

"Nilikuwa nacheza tu. Ni kifua yangu iko na ugonjwa. Daktari alisema."

"Na wazazi wanasema Kocha afukuzwe. Akifukuzwa sisi tutaenda wapi? Na wewe je, kuogelea?"

"Basi, nitaachana nayo." Alisema haraka, kama mtu anayeng'oa jino. "Si lazima."

Waridi akafunua pazia. Wasichana wakaruka.

"Kwa nini unamdanganya mwenzako?" Hakukusudia kuanza hivyo.

"Sijadanganya, Mama."

"Uliona hizo alama kwa mbavu. Tuliziona mimi na wewe."

Safa alitazama chini. Wangechi alitazama mlango, akitamani kuwa kwao sokoni. Video ikaendelea kucheza peke yake, watu wa mbali wakishangilia ndani ya simu.

"Sema, mwanangu. Sikukasirikii."

"Baba alisema huyo mtu hatawahi kumsamehe," Safa alisema. "Na ni wewe ulishona. Ningesema ni nguo, wote wangesema ni wewe. Si afadhali waseme ni kifua yangu?"

Waridi alikaa juu ya robota la vitambaa. Aibu ilimshika mwili mzima. Yeye, mtu mzima, alinyamaza ili amtoe mtoto kwenye maji. Mtoto alinyamaza ili amfiche mama yake, na kwa ajili hiyo alikuwa tayari kukiacha kitu pekee alichokipenda, na kujiita mgonjwa maisha yake yote, huku mama anakunywa chai. Alimvuta Safa akamkumbatia. Aliyasikia mapafu yake yakijaa na kushuka, mazima kabisa, chini ya sweta ya shule.

Kisha akasimama.

"Unaenda wapi?" Safa aliuliza, na alipoona mama anatazama ng'ambo ya barabara, akamshika mkono. "Mama, wacha. Atakukasirikia. Tafadhali, wacha tu."

"Naogopa," Waridi alisema. "Nyinyi wawili mnifuate nyuma, na nikigeuka, mnizuie."

Wakavuka. Alitembea kama alivyovuka madaraja maisha yake yote, macho mbele, mkono umeshika kitu, na kitu chenyewe ni bega la Safa. Katikati ya barabara aligeuka kweli, na Wangechi akasimama mbele yake. Wakaendelea.

Ayub alikuwa peke yake, akipangusa meza ya kukatia nyama. Aliinua kichwa, akaziona nyuso zao, akaweka kitambaa chini.

Waridi alisimama kizingitini. Alijua akiingia ndani ataanza kuzunguka zunguka, ataanzia mbali, na mwisho hatafika. Kulikuwa na jambo la kumtisha alilopaswa kulisema, na nyuma yake lilikuwepo jingine la kumtisha zaidi, na yote mawili aliyasema kwa pumzi moja.

"Baba Safa, ni nguo yangu ilimkaba. Mimi ndio niliibana. Kifua yake ni nzima, na Jumamosi anarudi kwa maji."